Si Kila "Quarter" Ni Robo

Walimu wengi wa shule zetu hupenda kuwaandikisha watoto maneno ya Kiingereza kwa safu mbili: la Kiingereza upande wa kushoto, la Kiswahili upande wa kulia, na kijistari kidogo katikati. Mtoto huyakariri kama akaririvyo hesabu ya kuzidisha, na siku ya mtihani huyatoa yote bila kukosa hata moja. Hatuikatai desturi hii kwa ng'ombe na meza na mvua, maana ng'ombe wa Mwingereza hula majani kama wa kwetu. Lakini yako maneno ambayo kijistari kile hakiwezi kuyabeba, nasi tumechagua moja tu kulipima mbele ya wasomaji, nalo ni "quarter". Katika daftari karibu zote tulizosahihisha, mbele ya neno hili limeandikwa jibu moja: robo. Aliyeandika hivyo hakusema uongo. Amesema sehemu ndogo ya kweli, akaiacha sehemu kubwa. Na katika jambo moja, kama tutakavyoonyesha mbele, sehemu aliyoiacha ni uhai wa watu.

Tuanze na Biblia. Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611, katika siku za Mfalme James, inalo neno hili mahali pengi kidogo, tangu Mwanzo hata Ufunuo. Tumepapitia mahali hapo pamoja na pamoja, wala hatukuona hata pamoja ambapo maana yake ni robo ya hesabu. Watu waliomjia Bwana wetu katika Marko sura ya 1 walitoka kila "quarter", yaani kila upande. Mashamba ya Publio katika kisiwa cha Melita, Matendo sura ya 28, yalikuwa katika "quarters" zile, yaani kandokando ya mahali pale. Wayahudi ambao kwa ajili yao Paulo alimtahiri Timotheo, Matendo sura ya 16, walikuwa wa "quarters" zile, yaani wa nchi ile. Na wafasiri wale walipotaka kusema robo yenyewe, neno hili hawakuligusa. Waliandika "fourth part", sehemu ya nne. Ndivyo walivyoandika juu ya robo ya shekeli aliyokuwa nayo mtumishi wa Sauli walipokuwa wakitafuta punda, na ndivyo walivyoandika juu ya robo ya nchi katika Ufunuo sura ya 6. Basi mtoto aliyekariri kwamba "quarter" ni robo, akifungua Biblia hiyo, atakosea kila alionapo neno, na palipo na robo hataliona neno.

Tena liko jambo la kutazamwa zaidi. Katika Ufunuo sura ya 7 malaika wanne wamesimama katika "corners" nne za dunia. Katika sura ya 20 Shetani anatoka kuwadanganya mataifa yaliyo katika "quarters" nne za dunia. Msomaji wa Kiingereza atafikiri ni mambo mawili. Lakini katika Kiyunani, lugha iliyoandikwa na Yohana, neno ni lile lile mara zote mbili, na maana yake ni pembe. Wafasiri wa Kiingereza walisema wazi katika dibaji yao ya kwamba hawakujifunga kufasiri neno moja kwa neno moja kila mahali, na hapa waliitumia ruhusa waliyojipa wenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Muungano iliyotoka nzima mwaka 1952, ina pembe nne katika sura ya 7, na pembe nne tena katika sura ya 20. Katika jambo hili dogo Mswahili amesimama karibu na Mtume kuliko Mwingereza. Twalisema kwa sababu twawasikia wasomi wakinena kwamba Kiswahili ni maskini, eti Kiingereza kina neno moja linalotosha kwa mambo kumi. Sisi hatuoni utajiri katika hilo. Mtu mwenye kisu kimoja cha kukatia nyama, kulimia bustani na kunyolea ndevu hasifiwi kwa wingi wa vyombo.

Neno hili lilipataje maana nyingi hivyo? Mzizi wake ni Kilatini, neno la nne; likapita katika Kifaransa, na Waingereza wakalipokea zaidi ya miaka 700 iliyopita. Mwanzo lilikuwa sehemu moja ya kitu kilichogawanywa vinne. Lakini dunia nayo ina pande nne, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini. Basi kila upande ukaitwa kwa neno hilo. Kutoka upande wa dunia likawa sehemu ya nchi, kisha sehemu ya mji, na hapo ile nne ikasahauliwa kabisa. Mji wa Paris ni mfano mzuri wa kusahau huko. Tangu mwaka 1860 umegawanywa katika wilaya 20, na kila wilaya ina "quartiers" nne, ndiyo kusema 80 kwa jumla. Hapo hesabu imetunzwa. Lakini mtaa ule uliojulikana kuliko yote, mtaa wa wanafunzi ulioitwa wa Kilatini kwa sababu ya lugha waliyosomea, haumo katika hizo 80. Ni "quartier" kwa vinywa vya watu tu. Huko Yerusalemu mji wa kale una mitaa minne, wa Wakristo, wa Waislamu, wa Waarmenia na wa Wayahudi, na kwa idadi ni minne kweli. Lakini hailingani, kwa maana wa Waislamu ni mkubwa kuliko mingine yote. Mtu akisema robo ya Waarmenia amekosea hesabu na amekosea lugha.

Waarabu nao walitembea katika njia hiyo hiyo. Neno letu robo limetoka kwao. Jangwa kubwa la kusini ya Bara Arabu, linaloenea katika Saudia, Omani, Yemeni na nchi za Imarati, karibu kilomita za mraba 650,000 za mchanga, wao huliita Robo Tupu, na Bertram Thomas, Mwingereza aliyelivuka katika majira ya mwaka 1930 na 1931 pamoja na wenyeji waliomwongoza, aliwaandikia Waingereza kwa jina hilo hilo. Sisi tuliopokea robo kutoka kwa Waarabu tulichukua hesabu peke yake, tukaacha jangwa na mtaa. Kwetu robo ni kipimo. Mtaa ni mtaa, upande ni upande, pembe ni pembe. Hii ndiyo sababu kijistari cha daftari hudanganya: mwanafunzi hufikiri kwamba, kwa kuwa maneno mawili yamekutana mlangoni, yatakwenda pamoja hata ndani ya nyumba.

Hata katika vipimo penyewe, ambapo tungetumaini kuona amani, mambo si mepesi. Katika mizani ya kale ya Waingereza "quarter" moja ilikuwa ratili 28, kwa kuwa mia yao ya uzani ilikuwa na ratili 112, na robo ya 112 ni 28. Mtoto aliyejua kwamba robo ya mia ni 25 alipigwa bakora bure. Katika nafaka neno hilo hilo lilikuwa busheli nane. Katika kitambaa, inchi tisa, ambazo ni robo ya yadi. Katika mwaka walikuwa na siku nne za kulipa kodi za nyumba na mashamba, nazo zilifuata sikukuu za Kanisa: Kupashwa Habari kwa Mariamu tarehe 25 Machi, Mtakatifu Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni, Mtakatifu Mikaeli tarehe 29 Septemba, na Kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25 Desemba. Hatujui kama mpangaji wa Kiingereza aliifurahia Krismasi yake mwenye nyumba alipobisha hodi.

Lakini mfano unaotupendeza zaidi ni wa mwezi. Wazungu husema mwezi uko katika "quarter" ya kwanza, na mtoto huandika: mwezi umefika robo. Mpeleke nje jioni ile atazame juu. Ataona nusu, nusu kamili iliyokatwa kama chungwa. Je, wenye elimu ya nyota wamekosea? La. Wao hawahesabu nuru tuionayo, wahesabu safari. Mwezi hutumia siku 29 na nusu hivi kutoka mwandamo hata mwandamo, na baada ya siku saba na kitu umekwisha kwenda robo ya safari hiyo, na hapo ndipo uso wake huonekana nusu. Kwa hiyo kitu kile kile ni robo kwa anayehesabu siku, na ni nusu kwa anayetazama kwa macho. Mwalimu asiyeeleza hayo atamfanya mtoto achague kati ya kitabu na macho yake, na mtoto mwema atachagua kitabu.

Fedha nazo. Huko Marekani ukisema "quarter" dukani, hakuna atakayefikiri mtaa wala mwezi. Ni sarafu ya senti 25, robo ya dola, iliyoanza kupigwa mwaka 1796, na tangu mwaka 1932 ina sura ya George Washington. Lakini wazee wa huko waliiita pia vipande viwili, "two bits". Kwa nini viwili, na robo ni sehemu moja ya nne? Kwa sababu dola waliyoizoea zamani ilikuwa ya Kispania, nayo ilihesabiwa kwa sehemu nane. Robo yake ni mbili katika nane. Msomaji wa pwani asicheke, maana na sisi tuna jambo kama hilo. Zamani za reale, hesabu ya pwani ilikuwa kwa robo na thumuni, na thumuni ni sehemu ya nane. Reale ilipoondoka, na shilingi ikaja, jina la thumuni halikufa pamoja nayo; lilihama likakaa juu ya senti hamsini. Yaani neno la sehemu ya nane likawa jina la nusu, na babu zetu walinunua na kuuza kwalo bila kugombana. Vilevile kibaba ni robo ya pishi, lakini hatujamsikia mpishi akisema, nipimie robo ya pishi. Husema kibaba, na mchele hupimwa.

Hapo twafika katika nyumba. Upande wa mji ulipokuwa "quarter", mahali aliponyweshewa na kulazwa askari palikuwa "quarters", na kumgawia askari nyumba ya mtu alale kulikuwa kitendo cha neno hilo hilo. Jambo hilo liliwachukiza Wamarekani hata katika masharti ya kwanza ya haki zao, yaliyothibitishwa mwaka 1791, walikataza askari kulazwa katika nyumba ya mtu wakati wa amani bila ridhaa ya mwenyewe. Kwetu neno lilikuja kwa njia ya reli na serikali, likawa kota: kota za reli, kota za polisi. Dar es Salaam kuna Magomeni Kota, ambako nyumba za zamani zilibomolewa na majengo mapya ya ghorofa yakafunguliwa mwaka 2022, na jina halikubomolewa. Wako walimu wanaolichukia neno hili, wakasema ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sisi hatuko pamoja nao. Kota si nyumba tu, wala si makao tu. Ni nyumba uliyopewa kwa ajili ya kazi, zilizojengwa safu kwa safu zinazofanana, ambazo mtumishi huziacha akistaafu. Maana hiyo haikuwa na jina, nalo jina limekuja na kitu chake. Ila tungemlaumu mtu ambaye angesema "hedikota" hali tunayo makao makuu. Aliyesema makao makuu wa kwanza hakutafuta robo wala kichwa. Aliuliza, mahali hapa pana kazi gani? Akapata jibu. Huo ndio ufasiri tunaoupenda.

Sasa twaja katika maana ambayo kwa ajili yake tumeandika haya yote.

Neno "quarter" katika vita lina maana mbili ambazo haziwezi kukaa katika chumba kimoja. Ya kwanza ni kukata mwili wa mtu vipande vinne. William Wallace, shujaa wa Waskoti, aliuawa hivyo huko London mwaka 1305, na vipande vyake vikapelekwa Newcastle, Berwick, Stirling na Perth ili watu waone na kuogopa. Adhabu hiyo ilikaa katika sheria ya Waingereza hata mwaka 1870. Maana ya pili ni kumwacha hai adui aliyeshindwa. Mtu akiomba "quarter" haombi robo ya kitu chochote, anaomba asiuawe. Na jemadari akitangaza "no quarter" amesema kwamba hata mwenye kutupa silaha atauawa. Mwanafunzi aliyeandika, hawakupewa robo, ameandika sentensi safi ya Kiswahili, na watu wamekufa ndani yake bila mtu kujua.

Maana hii ya huruma ilitoka wapi? Kuna hadithi ya zamani, ingali ikirudiwa vitabuni, kwamba Waholanzi na Waspania walipatana katika vita vyao kwamba askari aliyetekwa ajikomboe kwa robo ya mshahara wake. Hadithi ni nzuri, tena inairudisha robo nyumbani kwake. Lakini hatuikubali, kwa sababu ya neno lenyewe. Kama "quarter" ingekuwa fidia, mwenye kuitoa angekuwa mateka, na mwenye kuipokea angekuwa mshindi. Lakini lugha yasema kinyume: mshindi hutoa, mateka hupokea. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni yale ya nyumba. Adui uliyemwacha hai hapana budi umpe mahali pa kukaa; kumpa mahali ni kumpa uhai. Hapo njia yote ya neno huonekana: sehemu ya nne, upande, mtaa, makao, na mwisho wake maisha.

Hilo si neno la vitabuni tu. Tarehe 16 Aprili 1746, huko Culloden katika Uskoti, jeshi la Mtawala wa Cumberland lilivunja jeshi la Waskoti waliomfuata Mwana-mfalme Charles, na majeruhi waliolala uwanjani wakauawa. Udhuru uliotolewa ni kwamba katika amri za Waskoti wenyewe yalionekana maneno ya kutowaacha hai Waingereza. Lakini nakala za amri zile zilizobaki kutoka upande wa Waskoti hazina maneno hayo. Yalionekana katika ile iliyoonyeshwa na washindi. Maneno machache yaliyopenyezwa katika karatasi, na watu waliokwisha kuanguka wakachomwa visu. Tena tarehe 29 Mei 1780, huko Waxhaws katika Carolina Kusini, askari wa Banastre Tarleton waliwaua Wamarekani wengi waliokuwa wakijisalimisha. Namna ilivyoanza hubishaniwa hata leo, ila maiti hawabishaniwi. Tangu siku ile Wamarekani wakasema "quarter ya Tarleton", maana yake: hakuna. Neno la kuponya likawa neno la kuua kwa kutiwa jina la mtu mmoja. Na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, huko Kings Mountain, wao nao walipokuwa washindi waliwapigia kelele hiyo watu waliokuwa wakiomba kuishi, wakaendelea kuua.

Siku ya 27 Julai 1900, Mfalme Wilhelm wa Ujerumani, ambaye wakati ule bendera yake ilikuwa juu ya nchi yetu kutoka pwani hata maziwa, aliwaaga askari wake huko Bremerhaven walipokuwa wakienda Uchina, akawaambia wasitoe msamaha wala wasichukue mateka. Magazeti ya Kiingereza yalipofasiri, yaliandika "no quarter". Mjerumani alitumia neno la kusamehe, Mwingereza neno la makao, lakini kaburi ni moja.

Miaka saba baadaye, katika mkataba wa Hague wa mwaka 1907, mataifa yalikataza kutangaza "no quarter". Mwaka 1977 walipoandika nyongeza ya mikataba ya Geneva walifanya jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita. Kichwa cha kifungu cha 40 ni neno lile la kale, "quarter", peke yake. Lakini ndani ya kifungu neno hilo halimo. Wamesema waziwazi kwamba ni marufuku kuamuru asibaki hata mmoja aliye hai. Yaani wanasheria wenyewe waliona kwamba neno la kale halitoshi kuaminiwa, wakaliweka juu kama kofia na chini wakaandika maana. Kisha katika Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, wakalirudisha neno la kale ndani ya maneno ya sheria. Mkataba huo uliridhiwa na Kongo, Uganda na Tanzania mwaka 2002, na Kenya mwaka 2005. Basi ni sheria inayowahusu watu wanaosema Kiswahili, na askari wanaoapa kwa Kiswahili. Mwenye kuwafundisha askari hao atasema nini afikapo hapo? Akisema robo, watamcheka. Akisema nyumba, hawatamwelewa.

Wengi husema huruma: kutangaza kwamba hapatakuwa na huruma. Neno hilo ni jema kanisani, lakini hapa twaliona dhaifu. Huruma iko moyoni. Mtu huwa nayo au huikosa, na mwenye kuikosa hashtakiwi mahakamani. Sheria haimwombi askari awe na moyo laini. Yaweza kuwa anamchukia adui yake kwa haki, kwa kuwa amemchomea kijiji. Sheria yamwambia tu, asimwue baada ya kuinua mikono. Wengine husema kusalimika, lakini hilo ni jambo la mwenye kuponea, si la mwenye kuponya. Sisi twapendekeza amani, si kwa maana ya leo ya nchi isiyo na vita, bali kwa maana ya zamani, ya ahadi ya usalama. Aliyeshindwa aliomba amani, akapewa amani, na aliyepewa alijua kwamba upanga hautamgusa. Mshindi hutoa, mateka hupokea, sawasawa na Kiingereza. Tena ni neno la ahadi iwezayo kuvunjwa, na mwenye kuivunja aweza kuulizwa. Na kwa sheria, ambapo hapafai fumbo, mwalimu aseme kama walivyosema wale wa mwaka 1977: ni marufuku kuamuru kwamba asiachwe mtu hai.

Wasomaji wetu wanayo sura moja katika Biblia ambamo robo na jambo hili la amani vimekaa karibu sana, nayo ni 2 Wafalme sura ya 6. Jeshi la Washami limeingizwa mjini Samaria pasipo kujua liendako, na mfalme wa Israeli auliza, tena mara mbili, kama awapige. Elisha amkataza; awaagiza wawekewe chakula na maji, wale, wanywe, warudi kwa bwana wao. Wakapewa, wakaenda zao. Mistari michache mbele yake mji ule ule umezingirwa, na njaa ni kali hata robo ya kipimo cha mavi ya njiwa yauzwa vipande vitano vya fedha. Katika Kiingereza cha mwaka 1611 robo ile imeandikwa "fourth part", na kile alichowapa Elisha Washami hakikupewa jina lo lote. Twawashauri walimu wa madarasa ya juu wawasomeshe watoto sura hiyo yote kwa lugha zote mbili, kisha wawaulize ni wapi Mwingereza wa leo angeweza kulitia neno "quarter", mara ngapi, na kwa Kiswahili kila mara wangesema nini.

Hatukugusa maana za baharini, wala za nembo za wafalme, kwa kuwa hazina haja katika shule zetu. Lakini juu ya amani twajua kwamba wako watakaotupinga, hasa ndugu zetu wa bara ambao kwao neno hilo huimbwa katika ibada na halina harufu ya vita kabisa. Mwalimu aliye na neno lililo bora, la kwao au la pwani, alilolisikia kwa wazee waliopigana au waliotekwa, na aliandike hapa, pamoja na sentensi alimolisikia.